Mjadala: Venice ibane hoteli ndogo, au ianze na nyumba za kupangisha kwa siku?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Venice, ule mji wa Italia uliojengwa visiwani, ikitajwa tu, haikosi mtu wa kusema kwamba anayelala kwenye hoteli ndogo ya kifahari kando ya mfereji ndiye anayemhamisha mwenyeji, na kwamba msafiri mwenye utu alale Mestre, ng'ambo ya daraja, aingie mjini asubuhi na kutoka jioni. Mimi hoja hiyo siikubali, na naomba tuijadili kwa kina.

Kwanza tuelewane kuhusu Mestre. Iko bara, lakini ni sehemu ya manispaa ileile ya Venice. Anayelala huko hulipa kodi ya kulala kwa manispaa hiyohiyo, na kwa sababu hiyo husamehewa kile kiingilio cha watalii wa kutwa kilichoanza tarehe 25 Aprili 2024 kwa euro 5. Mchana kutwa yuko kwenye vichochoro vilevile, madaraja yaleyale na boti zilezile anazozitegemea mwenyeji kwenda kazini. Tofauti ni kwamba jioni, mji unapopumua na migahawa ya mitaa ya ndani inapotafuta wateja, yeye anakimbilia treni. Mji umebeba uzito wake wote wa mchana, ila usiku haumpati.

Pili, wakazi hawakuanza kuondoka kwa sababu ya hoteli. Mwaka 1951 mji wa kale, yaani Venice ya visiwani, ulikuwa na watu wapatao 175,000. Mwaka 2022 idadi ilishuka chini ya 50,000. Katikati hapo yametokea mengi: viwanda vya Marghera, jirani na Mestre, vilivuta ajira bara, watu walitaka nyumba kavu zenye bafu na mahali pa kuegesha gari, na Novemba 1966 maji yalipanda hadi sentimita 194, yakawaonyesha waliokuwa wakiishi vyumba vya chini kwamba hapakaliki tena. Hoteli ni sehemu ya kisa hiki, sikatai. Lakini anayezifanya kuwa chanzo anaruka miaka mingi ya historia.

Sasa niseme kinachonisukuma. Nimelala kwenye hoteli ya vyumba vichache mtaa wa Cannaregio, jengo la zamani lenye mlango mmoja wa kichochoroni na mwingine unaofungukia majini. Kwenye kizingiti kuna mifereji miwili midogo ya chuma, kila upande mmoja, ambamo hupachikwa bamba la kuzuia maji yakipanda. Mtu wa mapokezi alijua saa ya kulipachika na ya kulitoa. Asubuhi shuka ziliondoka kwa mkokoteni ule wa Venice wenye magurudumu makubwa nyuma na madogo mbele, madogo yakitangulia kushika ngazi za daraja, hadi kwenye boti ya kufulia. Nyuma ya kitanda kimoja kuna dobi, mbeba mizigo, nahodha, fundi wa mbao na mtu anayekesha mapokezi. Mlango wa pili yake kulikuwa na nyumba ya ghorofa yenye visanduku vya funguo vya namba vimepangwa ukutani. Wageni wanaingia na kutoka, wala hakuna wa kuwaambia takataka zitolewe saa ngapi. Ile ilikuwa nyumba ya familia kadhaa. Hiyo ndiyo nyumba inayotoweka.

Tangu 2017 manispaa imebana vibali vya kugeuza majengo ya mji wa kale kuwa hoteli. Matokeo tunayaona: mahoteli makubwa yameota karibu na kituo cha treni cha Mestre, na ndani ya mji wenye nyumba wamezigeuza za wageni. Mwaka 2022 bunge la Italia liliipa Venice mamlaka mahsusi ya kuweka ukomo kwa nyumba hizo. Mwaka 2023 ukapita, 2024 ukapita, ukomo haukuwekwa. Umebanwa mlango wa hoteli, dirisha la nyumba za siku likaachwa wazi.

Msimamo wangu: zibanwe nyumba za siku kwanza. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Asante kwa mada, mkuu, ila kuna mtu umemsahau. Huyo aliyekutandikia kitanda analala wapi? Wengi wao wako bara. Usiku wanavuka Ponte della Libertà, lile daraja la kwenda bara, kwa basi kurudi Mestre, kwa sababu mshahara wa hotelini haulipi pango la mjini. Unasema hoteli inaleta kazi. Inaleta kazi bila kumleta mfanyakazi kuishi. Watoto wake wanasoma bara, daktari wake yuko bara, kura yake anapiga bara.

Halafu jengo lako la Cannaregio nalo si lilikuwa na watu? Hata jengo ambalo halikuwa makazi, likichukuliwa, mwenyeji anapoteza. Fondaco dei Tedeschi pale kando ya Daraja la Rialto lilikuwa posta. Mwaka 2016 likafunguliwa kama duka kubwa la bidhaa za anasa. Hakuna familia iliyofukuzwa pale, lakini bibi wa mtaani anayehitaji kutuma barua hahitaji mkoba wa bei mbaya. Kuna duka la dawa Campo San Bartolomeo ambalo tangu 2008 limeweka dirishani kibao cha kuonyesha idadi ya wakazi waliobaki. Kibao hicho hakiulizi kama mtu kaondolewa na hoteli au na nyumba ya siku.

Mchangiaji wa pili:

Naongeza dogo tu. Wengine tunalala Mestre kwa sababu ya mfuko. Tukiambiwa mgeni mwema ni wa hoteli ya kifahari, basi wema umekuwa wa wenye fedha.

Mleta mada:

Dada, umegonga penyewe. Hoja ya mfanyakazi ndiyo nzito kuliko zote hapa, na inaugusa msimamo wangu moja kwa moja. Lakini jiulize nyumba ambayo angeishi yule mhudumu imekwenda wapi. Vyumba viwili na jiko, ghorofa ya tatu, hakuna lifti: hiyo si saizi ya hoteli. Hiyo ndiyo iliyowekewa kisanduku cha funguo. Na zipo nyumba za umma mjini zimefungwa zikingoja ukarabati. Fedha za kodi ya kulala zikitengwa kwa hizo, na hoteli ikilazimishwa kuchangia kodi ya pango ya wafanyakazi wake kama sharti la leseni, mhudumu atarudi kwa miguu usiku badala ya basi. Sharti la namna hiyo unaweza kuipa hoteli, maana ina jina, anwani na mtu wa kumshika. Mwenye nyumba anayeishi mji mwingine na kukusanya kodi kwa simu utamshikia wapi?

Kuhusu Fondaco nakubaliana nawe kabisa. Jengo la huduma ya umma libaki la huduma ya umma, hata kama mnunuzi ana fedha kiasi gani.

Ndugu wa mfuko, sijasema maskini asiende. Mwaka 2025 kiingilio kilipanuliwa hadi siku 54, na aliyelipa dakika za mwisho alitozwa euro 10 badala ya 5. Hilo linamuumiza zaidi mwenye kidogo, na halimfanyi alale mjini. Ningependa kuona hosteli na nyumba za watawa, ambazo zimepokea wageni kwa bei nafuu muda mrefu, zikipewa nafuu ya kodi ili vitanda vya bei ya chini viwe ndani ya mji wenyewe.

Dada, nikuulize sasa: ukomo ukiwekwa wa siku 120 kwa mwaka kwa kila nyumba ya siku, na hoteli zikapewa sharti hilo la makazi ya wafanyakazi, bado ungetaka hoteli ndogo zifungwe? Au kuna kitu kingine ungekibana kwanza?