Chuma kimwagwe baharini kupunguza kaboni, ndio au hapana?

Nanga (mleta mada): Wadau tulijadili hili bila matusi. Kule Bahari ya Kusini, inayozunguka Antaktika, naitreti na fosfeti (virutubisho vya mimea) zipo tele ila fitoplanktoni, vijimea vidogo vya baharini vinavyofyonza kaboni, zinadumaa, kinachokosekana ni chuma kidogo tu, bila hicho hata hiyo naitreti haziwezi kuitumia vizuri. Mtafiti wa bahari John Martin alishasema 1988, apewe nusu meli ya chuma atoe zama za barafu. Watafiti wakamwaga chuma kwa majaribio Pasifiki 1993, wakarudi 1995 maji yakageuka kijani kabisa. Sasa kaboni tunaiangalia tu mpaka lini? Kimwagwe.

Kasa: Kimwagwe na nani? 2012 si kuna watu walimwaga kama tani 100 magharibi ya Kanada eti wakuze samoni, mwaka uliofuata nchi za Itifaki ya London (mkataba wa kuzuia utupaji taka baharini) zikapitisha marekebisho ya kuzuia, isipokuwa utafiti. Vijimea kuota sio hoja, hoja ni vinazama? Vingi vinaliwa hukohuko juu, kaboni inarudi ilikotoka. Ila nyie mnaoshabikia haya hamjawahi hata kulowa maji ya chumvi.

Nanga: Kulowa?? Kasa, mimi sampuli za maji ya bahari za kupima chuma nimeziteka kwa mikono yangu. Meli yenyewe ni chuma, chembe moja ya kutu ikidondokea kwenye chupa kipimo kimekufa, kwa hiyo ni chupa za plastiki zilizooshwa kwa asidi, kamba isiyo na chuma, glavu juu ya glavu, ukifungua kizibo unabana pumzi. Usinivunjie heshima.

Kusi: Naingilia kidogo, kama kutu ya meli inachafua hivyo, na meli zinapita kila siku, bahari si ingekuwa kijani zamani?

Nanga: Hapana mkuu, maji yale yana oksijeni, chuma kinageuka chembechembe kinazama, kinachobaki kimeyeyuka ni kiduchu mno. Ndo maana vumbi la jangwani, lenye chuma, lina kazi kubwa kule linakofika.

Kasa: Umejijibu. Kama kinazama upesi utamwaga mara ngapi? Nusu meli yako imeshaisha hapo.

Kusi: Na ile rangi ya chini ya meli yenye shaba je? Inapakwa makusudi viumbe visishike, shaba inavuja bandarini kila siku na hakuna anayelia, mmekomaa na chuma tu.

Nanga: Shaba kidogo fitoplanktoni zinaihitaji pia, ikizidi ndo sumu, ifungulie uzi wake. Kasa, jaribio la EIFEX 2004, la kumwaga chuma Bahari ya Kusini, diatomu (aina ya fitoplanktoni) zilizama kupita mita 1000, kasome.

Kasa: Na jaribio jingine kama hilo, LOHAFEX 2009? Silika ilikuwa haba, diatomu hazikuota za maana maana gamba lao ni silika, kopepodi (vijidudu jamii ya kamba) wakala kilichokuwepo, kilichozama kidogo sana. Jaribio moja halinishawishi tuchezee bahari nzima. Na heshima yako sijaigusa, nilisema "nyie".

Nanga: Kwenye hao "nyie" nami nimo. Futa ile sentensi ndo tuendelee na silika.