GTX 1060 ya GB 6 au RX 580 ya GB 8: ipi inafaa kwa kompyuta ya zamani?

mchezaji_wa_usiku

Wakuu, salaam. Ninaomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core i5-4590, RAM ya GB 16 aina ya DDR3 na skrini ya 1080p inayoonyesha picha 60 kwa sekunde. Hadi sasa nimekuwa nikitegemea michoro iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, na mnayajua mateso yake: GTA V inafunguka vizuri, lakini ukiingia katikati ya mji picha zinakwenda kwa kujikongoja.

Nimepata kadi mbili za michoro za mtumba kwa wauzaji wawili tofauti, na bei zake zimepishana kidogo mno kiasi kwamba bei haiwezi kuniamulia. Moja ni GeForce GTX 1060 ya GB 6 ya kampuni ya NVIDIA na nyingine ni Radeon RX 580 ya GB 8 ya AMD. Kadiri ninavyosoma maelezo yake ndivyo ninavyochanganyikiwa. RX 580 ina viini 2,304 vya kuchakata michoro, mwenzake ana 1,280 tu, lakini vipimo vya watu wengi vinaonyesha kwamba kadi hizi zinakaribiana sana. Inawezekanaje moja ikaizidi nyingine karibu mara mbili kwenye karatasi, kisha kwenye gemu zikawa bega kwa bega?

Gemu ninazozitaka ni GTA V, The Witcher 3, Red Dead Redemption 2, na mpya moja mbili zikikubali. Mazabodi na prosesa sitazibadilisha kwa sasa, na kadi nitakayoichukua ningependa inifae kwa miaka miwili au mitatu.

pezi_za_shaba

Ndugu, swali lako la viini lina jibu fupi: viini vya kampuni moja havihesabiki pamoja na vya kampuni nyingine, kama vile huwezi kulinganisha wafanyakazi wa mashamba mawili kwa kuhesabu vichwa bila kujua kila mmoja analima kwa kasi gani na anakaa bila kazi kwa muda gani. Chipu ya GTX 1060, iliyotoka Julai 2016, huendeshwa kwa kasi ya juu zaidi, kwa kawaida inapita MHz 1,700 bila shida, wakati RX 580 ya Aprili 2017 imetangazwa kwa MHz 1,340. Tena katika hatua ya mwisho ya kuandika pikseli, NVIDIA imeweka vitengo 48 na AMD 32. Kwa hiyo RX 580 ina nguvu nyingi ya hesabu ambayo gemu nyingi za zamani hazikuweza kuitumia yote. Itumike ipasavyo, hasa katika gemu za DirectX 12 na Vulkan (njia mpya zaidi za gemu kuwasiliana na kadi), na hapo ndipo mara nyingi inamtangulia mwenzake.

Mimi ningechukua RX 580, na sababu yangu si viini bali ni kumbukumbu. GB 8 dhidi ya GB 6, zikipita kwenye njia ya biti 256 dhidi ya biti 192, maana yake ni GB 256 kwa sekunde dhidi ya GB 192. Ubora wa tekscha (picha zinazofunika sura za vitu kwenye gemu) ni mpangilio wa ajabu kidogo: ukiupandisha hupunguzi fremu (idadi ya picha kwa sekunde) kwa kiasi cha kuonekana, ilimradi tekscha zote zinaenea ndani ya kumbukumbu ya kadi. Zisipoenea, kadi inalazimika kuzivuta kutoka kwenye RAM ya kompyuta, na RAM yako ni DDR3. Wastani wa fremu unaweza kubaki mzuri, lakini mchezo unakwamakwama kila unapogeuza kichwa. Kikwazo hicho kitaifikia kadi ya GB 6 kabla ya kuifikia ya GB 8.

waya_mwekundu

Kabla hatujaendelea kusifu kumbukumbu, naomba muulizaji atuambie pawa saplai yake (kifaa kinachoilisha kompyuta umeme) ni ya wati ngapi na ina waya gani wa kulisha kadi. Nashangaa watu hununua kadi kwanza na kulikumbuka swali hili wakiwa wameshafungua kasha la kompyuta.

mchezaji_wa_usiku

Samahani, nilisahau. Ni ya wati 400, ilikuja na kompyuta yenyewe, na ina waya mmoja tu wa pini 6. Kadi ya GTX 1060 niliyoonyeshwa ina tundu moja la pini 6. Ile RX 580 ina tundu la pini 8, na muuzaji amesema atanipa kiunganishi cha kugeuza pini 6 kuwa 8 bila malipo.

waya_mwekundu

Hicho kiunganishi cha bure kiache hukohuko.

Hesabu yenyewe ni hii. Nafasi ya PCIe kwenye mazabodi, pale kadi inapochomekwa, imeruhusiwa kutoa wati 75, waya wa pini 6 umekadiriwa wati 75 nyingine, na wa pini 8 wati 150. GTX 1060 imekadiriwa kutumia wati 120, kwa hiyo nafasi ya mazabodi na pini 6 kwa pamoja, yaani wati 150, zinaibeba na akiba inabaki. RX 580 imekadiriwa wati 185, na zipo za watengenezaji waliopandisha kasi zinazokula zaidi ya hapo. Kiunganishi hakiongezi umeme. Kinabadilisha umbo la plagi tu, na waya uleule mwembamba unatakiwa kubeba mzigo ambao haukutengenezewa. Kama bahati ni nzuri kompyuta itajizima katikati ya mchezo. Kama ni mbaya, plagi itayeyuka.

Kwa hiyo ulinganisho wako halisi si kadi kwa kadi. Ni GTX 1060 peke yake dhidi ya RX 580 pamoja na pawa saplai mpya, na hapo bei zilizokuwa zimekaribiana zinaachana. Ongeza na matumizi ya kila siku: tofauti ya wati 65, ukicheza saa 3 kwa siku mwaka mzima, inafika takriban uniti 71 za umeme. Si utajiri, lakini joto lote hilo linatokea ndani ya kasha lako, na feni ndizo zitakazolalamika kwanza.

pezi_za_shaba

Nakubali kuhusu kiunganishi, na kama ningejua habari ya pawa saplai ningeandika kwa tahadhari zaidi. Hata hivyo, pawa saplai ya heshima haitupwi pamoja na kadi. Itamtumikia hata atakapobadilisha kompyuta nzima. Ukiihesabu yote kama gharama ya RX 580 unaionea kadi ya watu.

waya_mwekundu

Ni kweli, lakini yeye amesema habadilishi kitu kingine kwa sasa. Na kuna jambo la pili linalohusu prosesa yake ambalo hujaligusa. i5-4590 ina viini 4 na nyuzi 4 (yaani kazi nne tu kwa wakati mmoja), basi. Katika gemu za DirectX 11, draiva ya NVIDIA (programu inayoiendesha kadi) kwa miaka mingi imekuwa hodari wa kugawa kazi yake kwenye nyuzi kadhaa za prosesa, ilhali ya AMD kwenye kadi za kizazi hiki hulimbikiza sehemu kubwa ya kazi kwenye uzi mmoja. Kwa mwenye prosesa mpya yenye nguvu, tofauti hiyo haionekani. Kwa prosesa hii ambayo tayari inahema, itaonekana, na GTA V ya awali ni gemu ya DirectX 11. The Witcher 3, tangu sasisho la Desemba 2022, inakuruhusu uchague DirectX 11 au 12, na kwa mashine yako 11 ndiyo nyepesi. Red Dead Redemption 2 inatumia Vulkan na DirectX 12 tu, kwa hiyo hapo ndipo RX 580 itakapolipa kisasi.

draiva_mkongwe

Nitaongeza upande wa draiva na gemu mpya, kwa sababu muulizaji anataka miaka miwili au mitatu.

Kadi zote mbili ni wazee wanaostaafu, kila mmoja kwa utaratibu wake. AMD, tangu mwaka 2023, imeziweka kadi za Polaris, ambamo RX 580 imo, kwenye fungu la kando linalopata masasisho machache kuliko kadi mpya. NVIDIA ilitangaza kwamba draiva ya mwisho ya gemu kwa kizazi cha Pascal, ambamo GTX 1060 imo, ni ya Oktoba 2025, na baada ya hapo ni marekebisho ya usalama kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. Gemu ambazo tayari zinaendeshwa vizuri zitaendelea kuendeshwa vizuri. Kinachokosekana ni yule fundi wa kurekebisha hitilafu itakayozuka katika gemu ijayo. Anayetumia Linux ana nafuu kubwa zaidi kwa RX 580, kwa kuwa draiva zake ni za chanzo huria na jamii inaendelea kuzitunza bila kusubiri kampuni.

Kuhusu hizo mpya moja mbili, ndugu, zichague kwa makini. Kadi hizi hazina vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na zipo gemu zinazovidai kama sharti la kufunguka: Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 ni mojawapo, na Doom: The Dark Ages ya 2025 ni nyingine. Hapo GB 8 hazimwokoi mtu. Alan Wake 2 nayo ilipotoka 2023 ilizitesa kadi zisizo na uwezo wa mesh shader (mbinu mpya ya kuchora maumbo), ambazo ni pamoja na zote mbili hizi, ingawa baadaye sasisho liliwapunguzia wenye kadi za zamani adha hiyo. DLSS, teknolojia ya NVIDIA ya kukuza picha, pia isahau, kwa kuwa inahitaji kadi zake mpya za RTX. Teknolojia ya FSR ya kukuza picha, ile ya matoleo ya mwanzo, inafanya kazi kwenye kadi zote mbili, ingawa kwa 1080p picha inaanza kuwa na ukungu ukishuka chini ya kiwango chake cha Ubora (Quality).

Kama unarekodi mchezo au kuurusha moja kwa moja mtandaoni, chukua GTX 1060 bila kufikiri mara mbili. Kirekodi chake cha H.264 kinatoa picha safi kuliko cha Polaris.

mtumba_bila_majuto

Mnabishana kuhusu majina ya kadi, wakati kinachonunuliwa ni kadi moja mahususi yenye historia yake. RX 580 ilipendwa sana na wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum hadi Septemba 2022, uchimbaji wa aina hiyo ulipokoma. Si kila kadi iliyochimba imekufa, maana wachimbaji wengi walipunguza volti ili kuokoa umeme na chipu ikapona. Kinachochoka ni feni na chipu za kumbukumbu. Wengine walibadilisha BIOS ya kadi (programu yake ya ndani), na hapo unaweza kukuta draiva za AMD zinakataa kuipokea mpaka BIOS ya awali irudishwe.

Nenda na programu ya GPU-Z, inayosoma maelezo ya kadi, kwenye flashi na uangalie idadi ya viini kwanza. Kuna RX 580 iliyoanzia soko la China mwaka 2018 yenye viini 2,048 badala ya 2,304, ambayo kwa hakika ni RX 570 iliyovaa kofia ya kaka yake. Upande wa pili kuna GTX 1060 ya GB 3, ambayo haikupungukiwa kumbukumbu tu bali ina viini 1,152. Jina moja, kadi tofauti. Kisha iendeshe kadi kwa mzigo mzito kwa nusu saa, si dakika tano, huku ukitazama joto na ukitafuta vidoa vya rangi, mistari au miraba inayomweka kwenye picha. Muuzaji akikuharakisha, rudi nyumbani.

mchezaji_wa_usiku

Wakuu, nimerudi na majibu. Nilikwenda kwa wauzaji wote wawili nikiwa na flashi mkononi. RX 580 ilionyesha viini 2,048. Muuzaji naye alishangaa, au alijua kushangaa, na akasema GB 8 zipo zilezile, jambo ambalo ni kweli. Nilimshukuru nikaondoka.

GTX 1060 ilionyesha viini 1,280. Niliiendesha nusu saa kamili, joto likasimama kwenye nyuzi 74 na picha ikabaki safi, ila feni moja inanguruma ikianza kuzunguka kisha inatulia. Niliomba nipunguziwe kwa ajili ya feni hiyo, tukaelewana.

GTA V sasa inakaa kwenye fremu 60 mipangilio mingi ikiwa juu. The Witcher 3 kwa DirectX 11 vilevile, isipokuwa ndani ya mji wa Novigrad inaposhuka kidogo. Red Dead Redemption 2 nimeipunguza hadi ya kati, tekscha nikaziacha juu kabisa kama alivyoeleza pezi_za_shaba, na porini ni raha tupu. Nikiingia mji wa Saint Denis prosesa inagonga asilimia 100 huku kadi ikiwa haina kazi ya kutosha, kwa hiyo nimezifunga fremu zisipite 45 na kukwamakwama kumepungua. Feni mpya nitaitafuta mwisho wa mwezi.