Nimepigwa tochi ya 50: nilipe 30,000 au niende mahakamani?

Mama Junia
Wakubwa shikamooni, wengine mambo.

Jumapili natoka Morogoro kurudi Dar na IST yangu. Nimeshapita Chalinze, trafiki akanisimamisha na kunionyesha picha kwenye simu: gari langu, mwendo 67, eneo la 50. Nikamwambia afande, kibao sijakiona. Akajibu kibao kipo, macho ndiyo hayapo. Nikapewa karatasi ya kile kimashine, 30,000, siku 7.

Jumatatu kaka yangu akapita palepale. Kibao cha 50 kimelala kwenye majani, nguzo imegongwa. Picha ninayo. Mume wangu anasema lipa yaishe. Mama ndiyo kabisa, akisikia mahakama anaona nimeshafungwa. Leo siku ya nne. Nifanyeje?

Kijiti Kikavu
Lipa dada. Siku moja ya kushinda mahakamani na nauli zake umeshaimaliza hiyo 30,000.

Boda wa Tegeta
Sisi tangu bajeti ya 2021 kosa ni 10,000. Uza IST ununue pikipiki 😂

Mzee Kirago
Marahaba binti. Tuliza moyo, halafu usilipe kwanza.

Karatasi hiyo si hukumu. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakupa njia mbili: ukubali kosa ulipe, mambo yaishie hapo, au ukatae upelekwe kwa hakimu. Ukishalipa umekubali. Wengi wanalipa kwanza ndipo wanaanza kulalamika.

Ukienda, utasomewa shtaka uulizwe ni kweli au si kweli. Ukisema si kweli, kuthibitisha ni kazi ya upande wa mashtaka, askari aje aeleze alichokiona. Mama hana haja ya kulia. Ila ujue hakimu hafungwi na 30,000. Akikukuta na hatia anaweza kupanda juu.

Na picha yako ina tatizo. Ni ya Jumatatu, wewe ulipita Jumapili. Nguzo ikigongwa usiku ule je? Mimi ningeanza kwa mkuu wa trafiki wa wilaya, kwa adabu, kabla siku 7 hazijaisha.

Dalali Msafi
Hizo siku 7 usizichezee. Yangu niliisahau, 30,000 ikawa 37,500. Na deni linakaa kwenye namba ya gari. Niliwahi kununua Noah, kuingiza namba kwenye tms.tpf.go.tz nakuta madeni ya mwenzangu yamejipanga kama foleni ya Mwenge. Siku hizi mteja hajafungua hata boneti, namwambia aangalie kwanza deni.

Ukilipa, tumia kontroo namba tu, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Ukiambiwa "nirushie kwenye simu yangu", hiyo si faini, na deni litabaki palepale.

Mama Junia
Mrejesho. Nimeenda ofisini kwao leo. Mkubwa wao kanipokea vizuri, kaiangalia picha, swali la kwanza: "Hii imepigwa lini?" Mzee Kirago, nilikukumbuka. Akasema kama nakataa kosa, haki yangu, faili liende mahakamani. Nikapiga hesabu ya ruhusa kazini, na mwezi huu nina mitihani ya kusahihisha. Nimelipa hapohapo kwa simu. Nimeangalia, deni halipo tena.

Sasa jioni hii kaka kapita tena, kanitumia picha. Kibao kimesimama wima, saruji chini bado mbichi.

Boda wa Tegeta
Heee! Hiyo sasa ndiyo ya kumpelekea hakimu!

Mzee Kirago
Ameshalipa.