Naomba ushauri: ngozi ya mama, miaka 58

Habari zenu wapendwa. Mama yangu anauza samaki soko la Deep Sea hapa Tanga, kutwa juani. Mashavu yamekauka, mikunjo imeongezeka, na kwenye paji la uso yametoka madoa ya kahawia. Mafuta ya nazi yanalainisha tu, madoa yako palepale. Dukani Ngamiani alishauriwa krimu ya retinoli (aina ya vitamini A ya kupunguza mikunjo). Akawa anapaka kila usiku, ngozi ikamwasha na kubanduka pembeni mwa pua, tukasimamisha. Krimu za kung'arisha zenye haidrokwinoni au zebaki sizitaki kabisa, zinaharibu mama zetu.

Naombeni mnisaidie: losheni gani ya kuzuia jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, inamfaa mtu anayetoka jasho sana? Na ngozi ikipona, retinoli airudie mara mbili kwa wiki au aachane nayo?