Mashine za kamari hapa Malaba: tuzifukuze zote ama tudai zisimamiwe? Naomba ushauri kabla ya kikao

mjumbe_malaba
Salaam wadau. Naandika kutoka Malaba upande wa Uganda, mimi ni mjumbe kwa kamati ya LC1, yaani serikali ya kijiji chetu, na Jumapili hii tuna kikao cha wakaaji. Ajenda kubwa ni hizi mashine za kamari na watu wamegawanyika vibaya, na mimi ndo nimepewa kazi ya kuandika barua itakayoenda gombolola (ngazi ya juu ya kijiji na parokia) na kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, sasa nataka niandike kitu chenye kichwa na miguu.

Hapa ziko aina mbili. Kuna ndogo za sarafu, zimewekwa madukani, saluni, moja iko hadi kwa banda la chapati karibu na shule. Unatia mia mbili ama mia tano, unabonyeza, taa zinazunguka, ikisimama kwa picha yako inatema sarafu, la sivyo imekula. Halafu kuna kubwa za ndani ya nyumba za betting huko barabarani, unampa keshia noti anakuwekea krediti, mtu anacheza elfu tano elfu kumi kwa mzunguko mmoja. Hizo kubwa zinamaliza madereva wa lori wanaongoja karatasi za forodha na vijana wa boda. Ndogo zinamaliza watoto na akina mama wa sokoni.

Mtoto wa marehemu kaka yangu ana boda ya loni, yaani ya mkopo, kila wiki lazima apeleke pesa kwa wenye pikipiki. Siku moja alishinda laki mbili asubuhi, steji nzima ya boda ikajua, watu wakampigia kelele za furaha. Jioni ya siku hiyohiyo alikuwa anaomba mtu amtilie mafuta afike nyumbani, na hilo hakuna aliyelitangaza. Saa hii pikipiki imeshikwa. Hapa watu wanaona tu mwenye kushinda, mwenye kuliwa anaondoka kimya, ndo maana mwingine anakaa kwa kiti chake.

Wazee wanataka zote ziondoke. Wenye maduka wanasema zisajiliwe zilipe kodi. Mimi moyo wangu uko na wazee lakini naogopa tukifukuza zitaenda kujificha nyuma ya nyumba. Nishaurini jameni.

hajati_wa_bombo
Wa alaikum salaam mjumbe. Kamari ni haramu na imekatazwa pamoja na pombe kwa aya moja, mimi siwezi kukushauri namna nzuri ya kuisimamia. Andika ziondoke. Na huyo mtoto wa kaka yako mkae naye kama familia, msimsimange mbele ya watu, manake ukimuaibisha sana atarudi hukohuko ambako hawamuulizi kitu.

keshia_wa_zamani
Mjumbe mimi nimefanya kazi ya keshia kwa nyumba ya betting Kampala, acha nikueleze zinavyofanya kazi manake kwa kikao utakutana na watu wenye imani za ajabu.

Ya kwanza, hakuna kitu inaitwa mashine imeshiba iko karibu kutema. Nimeona mtu anamlipa mwenzake amlindie kiti aende chooni, anaamini ameilisha vya kutosha. Kwa mashine za kweli kila mzunguko unaanza upya, haikumbuki ulitia ngapi. Na hizo za Kichina za sarafu ni mbaya zaidi, zingine fundi anafungua nyuma anabadilisha ugumu wake kwa dakika chache, na hakuna mtu wa serikali amewahi kuipima.

Ya pili, ile asilimia wanayotangaza. Tuseme imewekwa irudishe asilimia 90. Watu wanadhani nikiingia na elfu kumi nitatoka na elfu tisa. Hapana. Hiyo asilimia kumi inakatwa kwa kila mzunguko, na zile zinazorudi unazitia tena zinakatwa tena. Mtu anayecheza shilingi 500 na kubonyeza mara kumi kwa dakika amepitisha elfu tano, mashine imebaki na mia tano kwa wastani. Kwa saa moja ni elfu thelathini. Hebu uliza hapo steji ni wangapi wanabaki na elfu thelathini kwa siku baada ya mafuta na loni.

Kwa hiyo ubaya uko kwa vitu viwili, kiasi cha kila mzunguko na mbio zake. Mtu wa mpira anaweka tiketi Jumamosi anangoja dakika tisini, akiliwa ana muda wa kukasirika na kwenda zake. Kwa mashine hakuna muda wa kukasirika. Kuna na ujanja mwingine, umecheza elfu moja inakurudishia mia tatu halafu inawasha taa na kupiga muziki wa ushindi, umeliwa mia saba na unafurahi. Nimekaa nyuma ya kioo nikiangalia hiyo kitu kila siku, wateja wangu walikuwa watu wenye akili zao kabisa.

duka_la_kona
Mimi nina duka na mashine iko kwangu, sioni aibu kusema. Mwenyewe anakuja na pikipiki kila baada ya siku chache, anafungua kwa ufunguo wake, tunahesabu sarafu, ananipa sehemu yangu. Hiyo sehemu inanisaidia na karo. Sasa mkiifukuza mtanipa nini? Na mjue vijana wana simu, ndani ya simu kuna kamari ya kila aina, ndege inapaa, gurudumu, mbwa wa kukimbia, usiku kucha na hakuna anayewaona. Kwangu angalau mama yake anaweza kupita akamvuta shati.

mjumbe_malaba
@duka_la_kona ahsante kwa kusema wazi ndugu yangu, na karo naielewa. Lakini nikuulize kwa heshima, mtoto wa miaka kumi na tatu akija na mia tano ya sukari akaitia kwa mashine, wewe unamzuia?

duka_la_kona
Namwambia aende. Lakini nikiwa namuuzia mtu wa mafuta ya taa sioni nani yuko mlangoni.

mwalimu_tororo
Hapo ndo penye jibu lenyewe mjumbe, usilipitie. Sheria ya Uganda ya bahati nasibu na michezo ya kamari ya mwaka 2016 inasema mtu chini ya miaka 25 haruhusiwi kucheza. Si 18, ni 25. Sasa vijana wote wa boda ninaowaona pale steji nusu hawajafika. Na sheria hiyohiyo inataka mwenye biashara awe na leseni ya Bodi ya Taifa inayosimamia mambo hayo. Bodi yenyewe imekuwa ikifanya misako na kukamata mashine zisizo na leseni sehemu mbalimbali za nchi.

Kwa hiyo swali la "tufukuze ama tusimamie" kwa hizo ndogo halipo. Tayari ziko nje ya sheria kama hazina leseni, na hata ingekuwa nayo, muuza duka anayelipwa kwa kila sarafu inayoingia hawezi kuwa ndo askari wa kukagua umri. Simlaumu yeye, kazi hizo mbili haziwezi kukaa kwa mtu mmoja. Barua iombe utekelezaji, msiombe sheria mpya.

Nyongeza kidogo: Januari 2019 serikali kupitia waziri mdogo wa fedha wakati huo, David Bahati, ilitangaza kwamba Rais ameagiza kampuni za betting zisipewe leseni mpya na za zamani zisihuishwe. Leo tembea mji wowote uone. Na 2023 Bunge likapandisha kodi ya kasino na mashine hadi asilimia 30. Tangazo kubwa bila mtu wa kufuatilia huku chini halifiki kijijini, na kodi nayo haimpunguzii mchezaji hata mzunguko mmoja.

mtoto_wa_arua
Naishi London mwaka wa ngapi sijui, nawasomeni kila siku. Mjumbe hii vita ilipiganwa hapa na ina mafunzo kwa hizo mashine zenu kubwa.

Maduka ya betting ya Uingereza yaliruhusiwa kila duka mashine nne, na kwa zile za ruleti mtu aliweza kuweka hadi paundi 100 kila sekunde 20. Piga hesabu, mizunguko 180 kwa saa, paundi 18,000 zinapita mkononi mwa mtu mmoja. Gurudumu lina namba 37 na linalipa kama ziko 36, kwa hiyo nyumba inabaki na asilimia 2.7 hivi. Inaonekana kidogo. Lakini kwa mwendo huo ni karibu paundi 486 kwa saa kwa wastani, na mtaa ninaokaa mimi maduka haya yalikuwa yamejipanga kwenye barabara ya watu wasio na hela.

Hawakuzipiga marufuku. Waliteremsha kiwango cha juu cha kila mzunguko kutoka paundi 100 hadi 2, ikaanza Aprili 2019. Mashine ileile, mbio zilezile, wastani ukashuka hadi chini ya paundi kumi kwa saa. Na haikuja bure, serikali ilitaka kuchelewesha hadi Oktoba na waziri aliyehusika, Tracey Crouch, akajiuzulu Novemba 2018 kwa hasira, ndipo wakarudisha tarehe nyuma. Kampuni zililia kuhusu ajira, William Hill ilitangaza kufunga maduka kama 700. Kweli watu walipoteza kazi na hilo lisifichwe. Lakini hiyo inakuonyesha maduka mangapi yalikuwa yanaishi kwa mashine, si kwa mpira.

Norway wao walienda njia nyingine, Julai 2007 waliondoa mashine zote, halafu baadaye kampuni ya serikali ikaleta mpya ambazo huwezi kucheza bila kadi yenye jina lako na ukifika kikomo cha kuliwa inakukatalia. Mimi napenda hiyo zaidi kwa sababu inakujua wewe ni nani.

busia_upande_wa_pili
Huku Kenya 2018 waziri wa mambo ya ndani wakati huo, Matiang'i, aliamuru zikamatwe, zikapondwa na kuchomwa mbele ya kamera. Tulishangilia sana. Shida ni kwamba zilikuja tena polepole kwa sababu mwenye kuziingiza hakuguswa, aliguswa mama wa kioski. Mjumbe kwa barua yako ulizeni ziko za nani, nani anakuja na ule ufunguo. Mwenye ufunguo ndo mwenye biashara.

hajati_wa_bombo
Hilo la ufunguo ni neno. Na mimi bado nasema ziondoke zote, lakini kama hizo kubwa hamuwezi kuziondoa kwa kikao cha kijiji basi bora kikomo kuliko kuziacha hivyo.

keshia_wa_zamani
Kwa upande wa simu aliosema duka_la_kona, ni kweli na mimi sina jibu zuri. Ila simu nayo ni yaleyale, kiasi na mbio. Na kwa simu angalau kuna jina na namba ya kitambulisho nyuma ya laini, kuweka kikomo kwa siku kunawezekana kama kuna anayetaka. Kwa mashine ya sarafu haiwezekani kabisa, sarafu haina jina. Ndo maana hizo ndogo siwezi kuzitetea hata kwa dakika.

Kijana wenu: pesa ya boda isikae kwake kwa sasa. Mmalize deni kwa kukaa na wenye pikipiki mpange upya, mlipe nyinyi moja kwa moja, msimpe mkononi eti akapeleke. Asikubali kukopa ili "akarudishe". Na kama halali wala hali, hospitali ya rufaa ya Mbale ina kitengo cha afya ya akili, aende aongee na watu waliosomea.

mjumbe_malaba
Nimesoma yote, nimemsomea na mwenyekiti. Rasimu iko hivi, nirekebisheni: tunaomba Bodi na polisi waondoe mashine zote za sarafu kijijini kwetu, na kwanza wamtafute mwenye ufunguo, wenye maduka wapewe wiki mbili za kuzirudisha wenyewe bila kukamatwa. Nyumba za betting zikaguliwe umri wa miaka 25 kwa kitambulisho mlangoni, si kwa keshia. Na tunamuomba mbunge wetu apeleke hoja ya kikomo kwa kila mzunguko wa mashine na muda wa kungoja kati ya mzunguko na mzunguko. Kiasi gani sijui niandike.

@duka_la_kona nimekuombea kwa kamati uwe wa kwanza kwenye mkopo wa kikundi chetu, ulete friji ya soda kwa nafasi hiyo. Mwenyekiti amekubali tujadili.

duka_la_kona
Wiki mbili nakubali. Lakini akija yeye mwenyewe kunitisha nimpigie nani?

mwalimu_tororo
Mpigie mwenyekiti, na mjumbe ongeza mstari huo ndani ya barua: nakala kwa OC, mkuu wa kituo cha polisi, jina na simu ya mtu wa kamati atakayekuwepo siku ya kuzirudisha. Kiasi msiandike nyinyi, andikeni mnachojua: boda anabaki na shilingi ngapi kwa siku hapo Malaba, na mashine inakula ngapi kwa saa. Hesabu ya keshia_wa_zamani iweke kama ilivyo.