MJADALA: Aliyelazwa kwa Korona kuwekewa kigingi jeshi la Marekani, ni haki?

Mchokonozi: Wakuu, mnakumbuka Mei 2020 ulivuja waraka wa MEPS, vile vituo vya kupima afya wanaojiunga na jeshi la Marekani: aliyewahi kupata Korona, iwe kwa kipimo au kwa kauli ya daktari, hafai. Zikapigwa kelele, Pentagon (makao ya wizara yao ya ulinzi) wakalegeza, kigingi kikabaki kwa waliolazwa. Sasa kijana wa kwetu ana green card (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani), mzima kabisa, anakwamishwa kisa alilala wodini siku tatu. Haki iko wapi?

Kifua_Mbele: Jeshi si daladala kwamba ukisimama kituoni lazima upakiwe. Korona kali inaweza kuacha makovu kwenye mapafu au uvimbe kwenye misuli ya moyo. Hata mwanamichezo akipata uvimbe huo huzuiwa mazoezi mazito miezi 3 hadi 6, kwa sababu moyo ukisukumwa kabla haujatulia mapigo yanaweza kuvurugika akaanguka palepale. Mafunzo ya awali ya Army, jeshi lao la nchi kavu, ni wiki 10 za kukimbia na mizigo mgongoni. Akifia huko, utakuja humu kulia tena.

Mchokonozi: Hakuna aliyelia hapa. Jibu swali, acha daladala zako.

Bi_Faili: Nyote mnarusha mawe gizani. Daktari wa MEPS hana mamlaka ya kutoa msamaha (waiver, yaani ruhusa ya kupita licha ya kigingi), kazi yake ni kuandika hafai. Anayeomba msamaha ni afisa usajili, faili linakwenda kwa wakubwa wa tiba wa tawi husika. Army wakikataa, Navy, jeshi la majini, wanaweza kukubali. Kinachowaangusha wengi ni karatasi. Inatakiwa ripoti ya kuruhusiwa hospitali yenye tarehe za kuingia na kutoka, ikionyesha kama aliwekewa oksijeni na dawa alizopewa. Eksirei ya kifua iliyopigwa BAADA ya kupona. Kipimo cha kupuliza cha mapafu. ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kama moyo uliguswa. Na wachunge inhela, ile dawa ya kuvuta mdomoni! Kikohozi kikigoma kuisha, daktari akatoa inhela na kuandika "pumu", hapo mambo yameharibika kuliko Korona yenyewe, maana pumu baada ya kutimiza miaka 13 ni kigingi kinachojitegemea. Aliyelazwa Dar au Mombasa ana unafuu, mfumo wao wa rekodi za tiba haufiki huko.

Kifua_Mbele: Simama hapo hapo dada. "Ana unafuu"? Unawafundisha vijana wa watu kudanganya serikali ya Marekani hadharani?

Bi_Faili: Soma tena polepole. Mfumo huo, MHS Genesis, uliingia MEPS 2022, unavuta rekodi za hospitali na maduka ya dawa ya Marekani. Za kwetu hauzivuti. Afiche nimeandika wapi?

Nahodha_Mstaafu: Hujaandika, ila umekonyeza. Fomu ya 2807-2, ile ya afya anayojaza anayejiunga, inauliza historia yote, haijali ulilazwa nchi gani, na chini unasaini. Kujiunga kwa udanganyifu ni kosa, Kifungu cha 104a cha sheria yao ya kijeshi. Mwenye green card yuko pabaya zaidi: akipata uraia kupitia jeshi, kisha akatimuliwa bila heshima kabla hajafikisha miaka 5 ya utumishi safi, uraia wenyewe unaweza kufutwa.

Mtoto_wa_Kisauni: Nahodha waambie na hao maafisa usajili wanaonong'ona "hilo usilitaje". Mwaka wa fedha 2022 Army ilipungukiwa na watu 15,000, unadhani presha ilikuwa juu ya nani? Kijana ndiye anayesaini, afisa hayumo.

Kifua_Mbele: Lawama zote kwa mzungu, kama kawaida yetu.

Mtoto_wa_Kisauni: Nani kataja mzungu? Maafisa wengine ni wabantu wenzako.

Chapati_Maji: Mie nauliza tu, rekodi ya nyumbani italetwaje? Daftari la mistari limeandikwa "homa, kifua, PCM 2x3" (yaani panadol mbili mara tatu), na mwandiko ule hata aliyeandika hausomi.

Bi_Faili: Daftari liache. Aende ofisi ya kumbukumbu ya hospitali na namba ya faili, aombe ripoti ya tiba iliyochapwa: muhuri, sahihi, namba ya usajili wa daktari. Penye Kiswahili aambatanishe tafsiri iliyothibitishwa. Aanze kabla ya kwenda MEPS, hospitali zetu mnazijua.

Mchokonozi: Jamani, swali langu lilikuwa haki.

Chanjo_Sitaki: Haki gani, wale zaidi ya 8,000 waliotimuliwa kwa kukataa chanjo mbona hamuwataji? Amri ilikuja Agosti 2021, Januari 2023 wakaifuta wenyewe.

Nahodha_Mstaafu: Hao walikuwa tayari ndani ya jeshi na walikaidi amri halali. Hapa tunaongelea walio nje ya geti. Fungua uzi wako.

Chanjo_Sitaki: Halali kwa nani?