Darubini ya Arabuko, Sabaki na Tsavo: 8x42 au 10x42? (na swali la darubini ya bunduki)

Kijana_wa_Gede

Asalaam aleikum waungwana. Naanza kazi ya kuongoza wageni msimu huu wa kaskazi. Asubuhi ni Mida Creek maji yakitoka, jioni Arabuko-Sokoke kutafuta bundi, siku nyingine mlango wa Sabaki, na mara moja kwa wiki Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Nina shilingi elfu 30 za darubini. Dukani nimeonyeshwa 10x42, na nyingine imeandikwa 20x50 kwa nusu ya bei hiyo. Muuzaji ashikilia kwamba yenye namba kubwa ndiyo bora. Navaa miwani ya kuonea mbali. Nichukue ipi?

Swali la pili si langu. Binamu yangu yuko kambi ya uwindaji kusini mwa Tanzania. Ameagizwa atafute darubini ya kufunga juu ya bunduki ya .375 (upana wa risasi kwa inchi), ya nyati. Auliza nguvu gani yafaa, na hufungwaje isicheze.

Fundi_Lenzi

Wa aleikum salaam. Zote mbili ziache dukani, tafuta 8x42.

Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. 8x42 inatoa milimita 5.25, 10x42 inatoa 4.2, na hiyo 20x50 inatoa 2.5 tu. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi karibu milimita 7, ikapungua kadiri umri unavyokwenda. Mchana wa jua kali tofauti hiyo huioni, ndiyo maana darubini ya 20x50 hupendeza sana ukijaribu mlangoni mwa duka. Magharibi ndani ya vichaka vya Arabuko ndipo inapokuumbua. Bundi wa Sokoke ni mdogo, kiasi cha sentimita 16, na hukaa chini ya majani mazito. Utamsikia, hutamwona.

Jambo la pili ni mkono. Darubini inayokuza mara 20 inakuza na mtetemeko wako mara 20, na bila kitako cha miguu mitatu hiyo haitumiki. La tatu ni upana wa picha: 8x42 ya kawaida huonyesha kama mita 130 kwa upana ukitazama umbali wa mita 1,000, 10x42 kama 110, na za 20 huwa nusu ya hapo au chini yake. Kundi la ndege likipita juu ya miti, mwenye picha nyembamba bado anatafuta ni tawi gani wakati wenzake wameshamaliza kutazama.

Kwa miwani yako, uliza "nafasi ya jicho", yaani umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya lenzi na bado likaona picha nzima. Usishuke chini ya milimita 16. Vikombe vya mpira vya machoni viteremshwe kabisa ukiwa na miwani, vipandishwe ukiivua. Wageni wengi wanaosema "naona duara jeusi" shida yao ni vikombe hivyo tu.

Za kuangalia: Vortex Diamondback HD 8x42 ina nafasi ya jicho ya milimita 17 na picha pana ya mita 131 hivi. Nikon Monarch M5 8x42 ina milimita 19.5 na kioo cha ED kinachopunguza ule ukingo wa zambarau kwenye ndege mweupe juani, ila picha yake ni nyembamba zaidi, kama mita 112. Bei hazifanani duka kwa duka, na huenda ukalazimika kuongeza kidogo. Afadhali uongeze hapo kuliko kununua mara mbili.

Zikimbie hizi: lenzi za mbele zenye rangi nyekundu kama rubi (huo mpako hurudisha mwanga badala ya kuupitisha), darubini za kuongeza na kupunguza nguvu kama 8-24x50, na yoyote iliyoandikwa 60x60. Pima kwa rula upana wa lenzi ya hiyo "60", mara nyingi hata 40 haifiki.

Nahodha_Shela

Fundi amesema kweli kwa nchi kavu. Baharini namba hubadilika. Mwenye mashua au anayepeleka wageni kuwatafuta nyangumi Watamu na Malindi, Julai hadi Septemba, usizidishe mara 8, na 7x50 ndiyo ya kazi. Chombo kinapanda na kushuka, picha ya mara 10 inaruka jichoni hadi mgeni anatapika. 7x50 duara lake ni zaidi ya milimita 7, kwa hiyo hata jicho likiyumba picha haikatiki.

Ubaya wake: nyingi zina uzito wa kilo moja, na nyingi za baharini hufokasi kila jicho peke yake. Ukishaziweka kwa mbali hazikutaki tena, ila kwa ndege aliye mita 5 hazifai kitu. Kwa hiyo wewe, ndugu yangu wa Gede, usinunue 7x50 ya kuingilia msituni. Chukua 8x42 isiyopitisha maji, iliyojazwa naitrojeni ndani ili isifanye ukungu.

Na chumvi. Ikipigwa na maji ya bahari usiipanguse ikiwa kavu. Chembe za chumvi na mchanga ni msasa, ukifuta kwa shati au leso unachora mpako wa lenzi. Imwagie maji tamu taratibu (iwe ni ya kuzuia maji, si ya "kuhimili manyunyu"), iache ichuruzike, pulizia kwa mpira wa kupulizia, pitisha brashi laini, ndipo kitambaa cha lenzi. Dawa itiwe kwenye kitambaa, isidondoshwe juu ya kioo, maana huteremka ukingoni ikaingia ndani.

Mzee_wa_Nyika

Vijana, mmeisahau Tsavo. Kule nyika ni wazi, choroa yuko mita 600, na mara 8 humwoni pembe vizuri. Mwenye kazi ya nyika achukue 10x42.

Fundi_Lenzi

Mzee wangu, shikamoo. Ni kweli kwa saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza. Kuanzia saa nne ardhi nyekundu ya Tsavo inatoa joto na hewa inacheza juu yake kama maji ya moto. Mara 10 inakuza huo mchezo vilevile, na pembe hazionekani zaidi. Anayekwenda Tsavo mara moja kwa wiki na msituni mara nne anunue kwa ajili ya msitu. Akiwa kwenye gari azime injini, aegemeze viwiko kwenye dirisha juu ya mfuko mdogo wa mchanga au koti lililokunjwa. 8 iliyotulia huona zaidi ya 10 inayotetemeka.

Jambo moja la magari. Darubini ikikaa mbele ya kiyoyozi halafu mlango ukafunguliwa kwenye joto la Malindi, vioo vinapiga ukungu hapo hapo, mgeni analalamika na ndege amekwenda. Iweke mbali na kiyoyozi, au zima kiyoyozi dakika kumi kabla ya kufika. Ukungu wa nje huondoka wenyewe. Ukungu wa ndani maana yake gesi imetoka na ringi za mpira zimechoka.

Mfuata_Nyayo

Najibu la bunduki. Kenya uwindaji wa kitalii ulifungwa mwaka 1977, kwa hiyo haya ni ya binamu na kambi yake yenye vibali huko Tanzania. Darubini yenyewe isivukishwe mpakani kimya kimya ikiwa mfukoni. Apitishe kwa mwenye leseni ya bunduki na karatasi zake.

Nyati hupigwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100 na kwenye vichaka ni chini ya 50. Kosa la kwanza ni kununua 4-16x50. Ikiachwa kwenye 8, nyati aliye mita 30 anajaza kioo chote na huoni bega wala tumbo, unaona manyoya. Nunua inayoanzia 1 au 1.5: 1-6x24, au 1.5-6x42 ikiwa watakaa pia jioni kumvizia chui. Hesabu ya Fundi inatumika hapa vilevile: 6x42 inatoa milimita 7, 6x24 inatoa 4. Na mwenye 24 gizani apunguze nguvu hadi 4, duara linarudi milimita 6 na picha inang'aa. Watu hufanya kinyume, giza likiingia wanaongeza.

Nafasi ya jicho kwa .375 iwe sentimita 9 au zaidi. Bunduki hii ina teke. Ikiwa karibu zaidi, ukingo wa darubini unapasua nyusi, na mpigaji aliyepasuka nyusi mara moja hufumba macho kila akivuta kifyatulio.

Kufunga. Skrubu za kitako (hapa ni kipande cha chuma juu ya bunduki kinachobeba pete za kushikia darubini) zisuguliwe mafuta yote yatoke, kwa spiriti, kwenye nyuzi na kwenye tundu, kisha gundi ya nyuzi kidogo, si ile ya kudumu. Laza darubini kwenye nusu za chini za pete, weka za juu bila kukaza. Peleka nguvu juu kabisa, maana hapo ndipo jicho lina nafasi finyu. Mpigaji afumbe macho, apandishe bunduki begani *akiwa amesimama*, afumbue. Akiona kivuli pembeni, isogeze mbele au nyuma hadi picha ijae. Usipime ukiwa umekaa mezani tu. Mezani shingo huenda mbele, na nyati hapigwi mezani.

Kunyoosha ule msalaba wa ndani, ning'iniza timazi mita 25 mbele, bunduki ikae sawa kwenye mifuko ya mchanga, zungusha darubini hadi mstari wa wima ulale juu ya uzi. Kaza skrubu kwa mshazari, robo mzunguko kila moja, mwanya wa pande mbili za pete ubaki sawa. Nguvu ya kukaza imeandikwa na mtengenezaji wa pete, kwa kawaida ni kama nyutoni-mita (Nm) 2. Anayekaza hadi mkono kuuma anabana bomba, na kifaa cha kubadili nguvu kinakwama.

Kulenga: toa boliti, tazama ndani ya mtutu shabaha ya mita 25, leta msalaba hapo. Piga moja. Kliki moja ya kitufe cha kurekebishia, ya robo dakika ya pembe (digrii moja ni dakika 60), husogeza milimita 7 hivi kwa mita 100, lakini kwa mita 25 haifiki hata milimita 2, kwa hiyo ukiwa chini sentimita 5 ni kliki kama 28, usiogope kuzihesabu. Kisha nenda mita 100, piga tatu tatu, rekebisha kwa katikati ya zile tatu na wala si kwa ile moja iliyokimbia. Mtutu upoe. Risasi iwe ile ile ya kuwindia. Baada ya ndege au barabara mbovu, piga tena moja au mbili kabla ya kuingia porini.

Tundu za risasi kwenye shabaha zikihama ovyo, usianze kulaumu kioo. Chora mstari mwembamba wa penseli ukingoni mwa pete. Mstari ukiachana na pete, darubini inateleza kwa teke. Kama haikuteleza, kagua skrubu za kitako chini yake.

Pete ziwe za kufunguka haraka, na bunduki ibaki na alama zake za chuma za kulengea. Nyati aliyejeruhiwa akiingia kichakani, darubini inavuliwa. Na asiitumie kabisa kutafutia wanyama: ukitazama kwa darubini ya bunduki umemwelekezea mtutu kila unayemtazama, akiwemo mwenzako. Kutafuta ni kazi ya 8x42 shingoni.

Kijana_wa_Gede

Shukran sana, na ya binamu nimempelekea yote. Kuna mtu Malindi anauza 8x42 iliyotumika, kwa bei yangu. Nitaikaguaje?

Fundi_Lenzi

Nenda mchana na tochi ndogo.

Kwanza ishike mbali na uso, sentimita 30 hivi, uielekeze ukuta mweupe. Utaona duara mbili za mwanga. Ziwe mviringo kamili. Zikiwa na kona za kijivu, prizimu (vioo vya ndani vinavyopinda mwanga) si za BaK4, ile aina bora ya kioo, au zimekatwa ndogo. Pili, tazama paa refu lililonyooka, kisha sogeza darubini polepole mbali na uso hadi mkono unyooke. Mstari wa paa katika jicho la kushoto na la kulia uwe kimo kimoja. Ukipishana, ilianguka na mapipa (ile mirija miwili) yamehama. Kuitengeneza ni kazi ya fundi mwenye vifaa, na ukiitumia hivyo kichwa kitakuuma baada ya nusu saa, hata kama picha waiona moja.

Tatu, geuza, washa tochi kwa mshazari kupitia lenzi ya mbele, chungulia kwa nyuma. Vumbi mbili tatu si neno. Nyuzi kama za buibui au mti wenye matawi ni kuvu, na Pwani yetu yenye unyevu huilea. Hula mpako wa kioo, na haitoki bila kufunguliwa.

Nne, weka macho yako. Funika pipa la kulia, tazama kibao cha maandishi mita 30, fokasi kwa gurudumu la kati. Funika la kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete ya jicho la kulia hadi maandishi yakate. Pete ikiwa imelegea na inazunguka yenyewe, kila asubuhi utaanza upya, na msituni hakuna kibao.

Ikivuka yote hayo, lipa. Nyumbani usiiweke kwenye mkoba wake wa ngozi, ngozi hushika unyevu. Tumia mkebe wa plastiki wa chakula wenye kifuniko kinachobana, na vifuko vya silika (chembe zinazonyonya unyevu) ya kubadilika rangi ndani. Silika ikibadilika rangi, itoe kwenye vifuko uikaange kwa moto mdogo kwenye sufuria kavu hadi rangi irudi. Wale wanaosema utie mchele, vumbi lake ndilo utakalolifuta kwenye lenzi mwezi ujao.